Kwa Baiskeli Hadi Rasi Kigomasha

Baiskeli ya marehemu baba, iliyobeba magunia ya karafuu miaka mingi, mwanangu alitaka tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikamwomba kwanza tutembee: mimi juu ya kuukuu hiyo, yeye juu ya mpya yake. Tulitoka Konde saa tatu asubuhi, tukapita karafuu zilizoanikwa majamvini, kisha tukaingia Msitu wa Ngezi, wenye kivuli kizito na popo wakubwa wa Pemba. Palipozidi mchanga tulishuka, tukazikokota. Vumawimbi tuliiacha mkono wa kulia, tukasali Adhuhuri karibu na mnara wa taa, bahari ikituzunguka pande tatu. Wakati wa kurudi, kijana akaishika kuukuu bila kuniuliza.