Oholiabu Wangu Yuko Wapi?

Ndugu msomaji, mimi ni kijana wa Murusagamba, wilaya ya Ngara. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kunirudisha shambani. Mchana nipo kwenye migomba na maharage ya nyumbani. Usiku, taa ya sola ikiwa bado ina nguvu, naandika riwaya. Nimeshajaza kauntabuku tatu. Ukinikuta njiani hutadhani kuwa mimi ni mwandishi, na wengi wa hapa kwetu nao hawadhani.

Jumapili moja tulipotoka ibadani, mzee mmoja wa kanisa alinisimamisha mbele ya wanakwaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado unaandika uongo wako?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee akaendelea, wala si kwa ubaya, kwamba kama Mungu amenijalia kalamu basi nitunge nyimbo za kwaya, kwa kuwa riwaya ni mambo ya dunia. Nilicheka pamoja nao, lakini jamani, iliniuma. Mzee yule yule ndiye aliyenifundisha kusoma Biblia nikiwa mdogo.

Usiku ule nikafungua kitabu cha Kutoka, sura ya 31, kutafuta pa kumjibia. Humo yumo fundi Bezaleli, ambaye Mungu alimjaza Roho wake. Kwa kazi gani? Si kuhubiri, bali kuchonga mbao na kufua dhahabu, fedha na shaba. Nikasema, haya, jibu nimelipata! Sanaa nayo ni kipawa cha Roho. Nikafunga Biblia nikiwa mshindi. Sikujali kwamba mstari unaofuata una jina la mtu mwingine, Oholiabu, aliyepewa Bezaleli ili awe pamoja naye katika kazi.

Huyo Oholiabu nilikuja kumkumbuka baadaye, nilipoanza kulalamika. Nilimpelekea mchapishaji mmoja muswada, akanijibu nichangie gharama. Pesa niitoe wapi? Nikazunguka kwa ndugu na marafiki. Wapi! Harusi inachangiwa, msiba unachangiwa, vyombo vya kwaya vinachangiwa. Kitabu? Hakuna kamati ya kitabu. Nikawa nauliza kila nipigapo magoti: Bwana, Oholiabu wangu yuko wapi?

Nilijifariji kwa habari za Aniceti Kitereza. Mzee huyu wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alisoma seminari ya Rubya, katika mkoa wetu huu wa Kagera, akawa katekista. Padri Almas Simard alimtia moyo aandike, na mwaka 1945 akawa amemaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe, ile ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupatikana wa kuichapa. Miaka ikapita. Baadaye watafiti Gerald na Charlotte Hartwig wakamhimiza aitafsiri kwa Kiswahili, akaifanya kazi hiyo mwenyewe uzeeni. Tanzania Publishing House waliichapisha mwaka 1980. Mwaka 1981 Kitereza akafariki, kabla hajaishika nakala mkononi.

Miaka 35 ya kungoja! Nilikuwa nawasimulia wenzangu habari hiyo kijiweni kwa uchungu, kana kwamba ni yangu. Wanaungoja mkate wangu uoze, nilisema.

Sasa nikiri kosa langu.

Msimu wa kupanda mahindi, binti wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliniletea daftari. "Kaka, ni mashairi yangu. Naomba unisomee, uniambie kama yanafaa." Nikamwambia sawa. Nikaliweka chini ya godoro, nikaendelea na riwaya yangu. Akanisalimia mara nyingi njiani, asiulize. Mahindi yakaota, yakabeba, tukavuna. Ndipo akaja.

"Kaka, naomba daftari langu. Kurasa za nyuma ziko tupu, nataka nifanyie hesabu."

Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilimwomba usiku mmoja tu, nikasoma.

Mengi yalikuwa ya kitoto, nisiseme uongo. Lakini shairi moja lilinifanya nikae kitako. Lilimhusu bibi yake, aliyekuwa ameolewa upande wa Kasulo. Sisi wa Ngara tumesimuliwa sana mwaka 1994, jinsi mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivyovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, ikazaliwa kambi ya Benaco. Tumesimuliwa mahema, malori na magunia ya chakula. Binti huyu aliandika mtungi wa maji. Bibi yake aliutoa nje, akauweka kando ya njia pamoja na kata moja, ukaisha, akaenda kuteka tena, ukaisha. Hakuwa na gunia la kumpa mtu.

Nadhani mtungi ule haumo katika hesabu ya shirika lolote. Umo katika daftari lile tu, nami nililifanya mto wa panya. Pembe moja walishaitafuna.

Ndugu msomaji, hapa kwetu msaada tuliouzoea ni wa magunia, na asiye na gunia hujiona hana la kutoa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Nilidhani nikishapata mfadhili, nikishachapishwa, ndipo nitawainua wengine. Kumbe padri Simard alianza kwa kumwambia mtu aandike. Yule binti naye hakuniomba pesa. Aliomba macho yangu kwa jioni moja.

Asubuhi nilimpelekea daftari pamoja na jingine jipya la hesabu, nikamwomba msamaha. Akacheka kwa aibu, akasema haidhuru. Tangu hapo kila Jumapili alasiri tunakaa barazani kwao, mama yake akichambua maharage, tunasomeana. Wiki iliyopita alisikiliza sura yangu ya tatu, akatikisa kichwa. "Kaka, mama wa humu anaongea kama mwenyekiti wa kijiji." Mama yake akacheka mpaka akamwaga ungo. Nimeiandika upya sura nzima.

Mchapishaji bado sina. Mzee wa kanisa bado ananitania, nami bado namwamkia. Ila sala yangu nimeibadilisha. Siulizi tena Oholiabu wangu yuko wapi. Nauliza Bezaleli wangu ni nani, na kama daftari lake nimeshalisoma.

Nawe, chini ya godoro lako pana daftari la nani?