Lamu, Mji Unaoshonwa Kila Siku

Mashua ya kutoka Mokowe, upande wa bara, haiondoki mpaka ijae. Tuliketi gatini hadi jua likapanda, magunia ya unga yakipakiwa miguuni mwetu, na hakuna aliyelalamika. Kisha tukakata maji, upepo wa kaskazi ukinipaka chumvi midomoni, na mji ukajitokeza: kuta za mawe ya matumbawe, minara, mapaa ya makuti, majahazi yamepangana ufukoni.

Uwanja wa Mkunguni uko mbele ya ngome iliyokamilika mnamo 1821, ambayo ilikuwa gereza hadi miaka ya 1980 na leo ni makumbusho. Chini ya kivuli cha miti, harufu ya iliki na nazi ilinielekeza kwa mama muuza mahamri na mbaazi. "Ndoo, mwanangu, kula kwanda," akasema, yaani njoo, kula kwanza. Nilipomaliza sahani ndipo akaniuliza kwetu ni wapi, wazee wazima, na nimeiachaje Mwanza. Aliyaulizia ya kwetu kwa makini, kana kwamba ananitafutia nafasi katika ukoo.

Kutoka hapo nikaingia Usita wa Mui, barabara kuu ambayo mikono miwili ikinyoshwa karibu inagusa kuta zote mbili. Punda aliyebeba mchanga akija, wewe ndiye unayejibana ukutani. Samadi ipo, mifereji ya maji machafu ipo, na jua la saa sita halina huruma. Lakini hakuna anayepita kimya. Watoto wa madrasa, mabinti wa buibui, wazee wa vikoi, kila mmoja anatoa salamu na kungoja jibu. Kabla sijafika mtaa wa Mkomani nilikuwa nimeanza kusalimia mimi kwanza.

Nilichopenda kuliko vyote nilikikuta kwenye baraza ya nyumba yenye mlango wa nakshi. Vijana wawili walikuwa wakishona kofia za viua, mmoja amevaa jezi ya Arsenal. Kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano, kimoja baada ya kingine, na kofia moja yaweza kula miezi. Huyu wa jezi alijifunza kwa baba yake, akiwa amekaa kwenye baraza hiyohiyo. Alikuwa akishona huku akibishana na mwenzake juu ya bei ya samaki na mechi ya jana, mkono haukosei. Nimezoea kuuona utamaduni majukwaani, siku za sherehe, katika mavazi ya kuazima. Hapa niliuona ukifanyika siku ya kazi, na mtu anayehitaji pesa ya chakula cha jioni.

Alasiri nilishuka mtaa wa Langoni, kwenye msikiti wa Riyadha. Mwanzilishi wake, Habib Swaleh, alitoka Ngazija. Alifika mgeni, akawafundisha watu ambao wakubwa wa mji waliwadharau, wakiwemo watumwa na uzao wao, na matari yakapigwa katika kusoma Maulidi. Wako waliompinga. Leo, kila Mfunguo Sita, Maulidi ya Lamu huleta wageni kutoka pwani nzima, na kwa watu wa hapa hakuna kilicho chao zaidi ya hayo. Ndiyo maana siwaamini wanaosema utamaduni hurithiwa tu. Watu wa Lamu waliupokea, wakaugombania, wakaurudia kila mwaka hadi ukawa wao.

Magharibi upepo ulipoa. Muuza kahawa akapita na dele lake, vikombe vikigongana mkononi, na barazani nikasogezewa nafasi, kahawa tungu na kipande cha halua. Wazee walikuwa katikati ya bao, wakanieleza kila kete bila kuchoka.

UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na majengo yake yanastahili. Lakini usiende kwa ajili ya majengo peke yake. Salimia kila unayepishana naye, na ukiambiwa "karibu" barazani, kaa.