Kuba la Roma Lisilo na Nondo

Mvua ilikuwa ikinyesha tulipoingia Pantheon, jengo la kale katikati ya jiji la Roma, na ndani nako ilikuwa ikinyesha. Kileleni mwa kuba pana tundu la duara, upana wake karibu mita 9, lililoachwa wazi. Matone hushuka hadi sakafuni na kupotelea katika vitundu vilivyotobolewa kwenye mawe. Jengo lilikamilika zama za Kaisari Hadrian, takriban mwaka 126 Miladia, na tangu mwaka 609 ni kanisa. Sisi tulikwenda kutazama zege.

Wasomaji watuwie radhi. Katibu wa kamati ya msikiti husafiri na mihtasari yake kichwani. Paa la zege la mahali petu pa kutawadhia halikutimiza miaka kumi. Fundi alitumia mchanga wa pwani usiooshwa. Chumvi ikala nondo, nondo zikavimba kwa kutu, zege likapasuka na kuanguka vipande vipande. Ile ilikuwa michango ya waumini, wajane wakiwamo, na hadi leo tunadaiwa maelezo.

Basi tukainua macho. Kuba lile lina kipenyo cha mita 43, wala halina nondo hata moja ya kuliwa na kutu. Mpaka sasa hakuna kuba la zege lisilo na nondo lililolizidi ukubwa. Siri yake ni uzani. Chini, unene ni karibu mita 6 na kokoto ni za mawe mazito. Kadiri zege linavyopanda ndivyo linavyokonda na kokoto zinavyokuwa nyepesi, hata juu kabisa wakatia mawe ya volkano yenye matundu kama sifongo, na unene ukabaki mita 1 na ushei.

Kilichoyashika mawe hayo ni chokaa, ambayo wazee wetu wa pwani nao waliichoma kwa matumbawe. Warumi waliichanganya na majivu ya volkano, mashuhuri yakiwa ya Pozzuoli karibu na Naples, na mjenzi wao Vitruvius aliandika kwamba mchanganyiko huo hukauka ukawa mgumu hata chini ya maji. Ndani ya zege lao huonekana vibonge vyeupe vya chokaa, vilivyodhaniwa kuwa uzembe wa vibarua. Mwaka 2023 watafiti walieleza kwamba maji yakipenya kwenye ufa, vibonge hivyo huyeyuka, kisha chokaa huganda tena na kuuziba ufa wenyewe.

Hatusemi nondo zitupwe. Zege la Kirumi hustahimili kukandamizwa, si kupindwa. Ndiyo maana kuta zake ni nene kupita kiasi, na paa letu bapa la inchi chache lisingesimama hivyo. Lakini mchanga kuuosha tungeweza.

Tulipotoka mvua ilikuwa imekatika. Kwenye ukuta wa nje matao ya matofali yaonekana wazi, yakiuhamisha mzigo kuupeleka penye nguvu. Tuliyapiga picha, nayo itaoneshwa katika kikao kijacho, kabla ya ajenda ya kumpata fundi mpya.