Breki za Mzee

Wadau, nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili nzima. Wengine mmeuliza kama naumwa, mmoja akauliza kama nimefukuzwa kazi. Siumwi, na kazi bado ipo (mshahara ndio hauna tarehe maalumu, si mnajua tena gazeti letu). Nilikuwa nahangaika na diski za breki.

Msicheke kwanza, nitaeleza.

Baba yangu anaishi Ilula, mkoani Iringa, na anafanya biashara ya nyanya. Ana pikapu, Toyota Hilux ya dizeli. Mkopo wa serikali ulinipa nusu tu ya ada pale Mlimani. Nusu nyingine ilipanda pikapu hiyo ikiwa ndani ya matenga, ikashuka Kitonga, ikapita Ruaha Mbuyuni na Mikumi, ikauzwa Morogoro. Kwa hiyo digrii yangu ya uandishi wa habari, ukiikuna kidogo, unaweza kusikia harufu ya nyanya.

Mzee hapigi simu ovyo. Jumapili moja jioni akapiga.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Hivi huko mjini diski za breki za mbele zinauzwaje?”

“Kuna nini?”

“Si kitu kikubwa. Nikikanyaga breki, usukani unacheza kidogo.”

Waliolelewa na wazee wa aina hii wananielewa. Baba akisema si kitu kikubwa, ujue kimemkosesha usingizi siku tatu.

Usiku ule mimi ndiye niliyekosa usingizi. Nina miaka mitatu kwenye chumba cha habari, na kuna sentensi moja nimeiandika mara nyingi mpaka vidole vinaijua: “Kamanda alisema chanzo cha ajali hiyo ni kufeli kwa breki za gari hilo.” Nukta. Naihifadhi, namtumia mhariri, naenda kula chipsi. Sijawahi hata siku moja kuuliza breki inafelije. Na Kitonga, kwa ambao hamjapita, ni mlima wa kona kali zenye korongo upande mmoja, na mtu anayetoka Ilula kwenda Morogoro anaushuka akiwa na mzigo.

Asubuhi nikamfuata fundi mmoja pale Ilala anayetengeneza magari ya ofisini kwetu. Nikamwambia nataka kununua diski. Hakuniuliza za gari gani. Aliniuliza, “Mdogo wangu, zilizopo zina unene gani?”

Kumbe kwa kawaida diski imegongwa namba na kiwanda, ya unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Ikishuka hapo ni chuma chakavu. Nikampigia fundi wa kule Ilula, akafungua tairi, akapima, akanitumia ujumbe: diski imeandikwa 23, inasoma 21.6. Milimita moja na kidogo! Nikauliza kwa nini zisichongwe tu kwenye mashine ziwe sawa. Fundi wa Ilala akacheka. Kuchonga ni kupunguza, na hapo hakuna tena cha kupunguza.

Kisha akanipa somo ambalo chuo hakikunipa. Breki haifanyi muujiza wowote, inageuza mwendo kuwa moto. Diski ndiyo inayobeba moto huo na kuutoa hewani, ndiyo maana hizi za mbele zina nafasi katikati ya kupitisha upepo. Diski nyembamba inapata moto haraka. Pedi zikizidiwa na moto zinaacha kushika vizuri, hata ukikanyaga kwa nguvu zako zote. Halafu kuna mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu kidogo kidogo. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka mpaka 140. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Mguu unazama mpaka chini na gari halisimami.

Hiyo ndiyo “kufeli kwa breki”. Miaka mitatu naiandika!

Haya, nikaenda Gerezani, Kariakoo. Muuzaji akaniwekea mezani aina tatu. Ya kwanza mpya, boksi linang’aa, bei ya kuvutia. Ya pili mtumba kutoka Japani. Ya tatu mpya halisi, bei yake kodi yangu ya miezi miwili. Akanionyesha na diski zenye matundu, eti ndizo za kisasa. Nilishaonywa: matundu hayo yanapendeza kwenye gari la mbio, lakini kwenye gari la mzigo nyufa zinaweza kuanzia hapo hapo.

Niwe mkweli. Nilichukua simu nikapiga hesabu, na nikaweka mkono kwenye boksi la bei rahisi. Nilikuwa na akiba ya kununua kamera. Nikajiambia mzee mwenyewe angechagua hili, na hatajua tofauti. Kisha nikasoma boksi. Jina la kampuni lilikosewa herufi moja. Mimi kazi yangu ni kuona herufi zilizokosewa.

Mtumba nao nikaukataa, kwa sababu ulipopimwa ulikuwa umebakiza nusu milimita tu kufika kwenye namba iliyogongwa. Nikalipia zile halisi, mbili, kwa kuwa diski hubadilishwa kushoto na kulia kwa pamoja, la sivyo gari linavuta upande mmoja. Pedi nikachukua zenye mchanganyiko wa chuma. Zina kelele na vumbi kuliko zile za seramiki, lakini zinavumilia moto wa mzigo. Na chupa ya DOT 4. Kamera itasubiri.

Nikapeleka kifurushi kituo cha Magufuli, Mbezi, kikapanda basi la usiku. Kwenye karatasi nikaandika kwa herufi kubwa: zifungwe kwenye chuma kilichosafishwa kutu, mafuta ya zamani yamwagwe yote, na kabla ya kupakia mzigo gari likanyagwe breki taratibu mara kadhaa kwenye tambarare, kila mara likiachwa lipoe, ili pedi na diski zizoeane.

Juzi mzee akapiga.

“Mwanangu, zimekaa. Usukani umetulia kabisa.”

“Asante Mungu. Baba, Kitonga unashuka na gia namba ngapi?”

“Mbili. Unanifundisha kuendesha?”

“Hapana baba. Na safari hii umepakia matenga mangapi?”

Akanyamaza kidogo. “Yale yale.”

Yale yale ni mengi kuliko gari lilivyoandikiwa kubeba. Tukabishana, kwa heshima, mpaka salio likaisha. Hiyo ndiyo spea ambayo Gerezani sikuiona. Mahitaji ya shule ya mdogo wangu bado yanasubiri, yuko kidato cha tano, na matenga yakipungua kitapungua kitu nyumbani. Nimeahidi kutuma kidogo kila mwezi ili apunguze. Kaniambia tutaona.

Wiki hii kazini ikaja ajali nyingine ya mteremkoni. Msemaji akanipa sentensi ileile. Nikamuuliza gari lilikuwa na uzito gani, na breki zilikaguliwa lini. Akasema atanijulisha. Nikayaandika maswali hayo kwenye habari, na mhariri akayakata kwa sababu nafasi ilikuwa finyu.

Kesho nitamuuliza tena. Na wewe unayesoma hapa, kama nyumbani kuna gari linalobeba mzigo, mpigie simu anayeliendesha. Akisema si kitu kikubwa, usimwamini.