Mablanketi ya Kamloops

Tulivua viatu mlangoni, walimu thelathini na kitu, tukasimama na soksi juu ya mablanketi yaliyotandikwa ukumbi mzima. Ilikuwa Oktoba 2019, Kamloops, mji wa jimbo la British Columbia ambako Mto Thompson wa Kaskazini unakutana na ule wa Kusini. Wasecwépemc, wenyewe wa nchi ile, wanapaita Tk'emlúps, makutano ya mito. Nilikuwa nimefundisha hapo mwaka mzima tangu nitoke Kenya, na ni asubuhi hiyo ndipo nilipoambiwa maana ya jina hilo.

Wanafunzi walibaki nyumbani, sisi tukaitwa mafunzoni. Mwaka huohuo kanuni za kazi ya ualimu katika jimbo zilikuwa zimeongezewa ya tisa, inayomtaka mwalimu aithamini historia ya wenyeji wa asili na achangie ukweli, maridhiano na uponyaji. Nyuma yake ilikuwapo Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, ambayo mwaka 2015 ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua, mingine ikigusa kazi yetu moja kwa moja. Mimi nilikuja na daftari jipya na kalamu mbili. Nilidhani nitapewa mada, niziandike, Jumatatu nizifundishe.

Mablanketi ni ardhi, mwezeshaji alisema. Tutembee, tusalimiane, tupeane vitu kama watu walio kwao. Kisha akaanza kusoma historia, na kila aliposoma, wenzake wakakunja blanketi moja chini ya miguu yetu. Ikafika ndui ya mwaka 1862, iliyoanzia Victoria ikapanda hadi bara. Kila mmoja wetu alikuwa amepewa kadi, na waliokuwa na kadi fulani mkononi wakaambiwa watoke, na ukumbi ukapwaya ghafla. Ikaja sheria ya 1876 iliyowaweka wenyeji chini ya mkono wa serikali. Yakaja marekebisho ya 1920 yaliyolazimisha watoto wao wapelekwe shule za bweni. Hapo ikasomwa kadi yangu: mimi ni mtoto aliyechukuliwa. Nikapelekwa kwenye kiblanketi cha pembeni. Niliporudishwa, wenzangu walikuwa wameagizwa wanipe mgongo, kwa kuwa sasa sijui lugha yao. Mwalimu mwenzangu niliyekunywa naye kahawa asubuhi alinigeuzia kisogo, nami nikaona koo linakauka.

Mchana tulikabidhiwa kwa bibi mmoja wa Kisecwépemc. Wote walimwita Kyé7e, yaani bibi, na hiyo 7 si kosa la chapa. Ndivyo wanavyoandika pale sauti inapokatika kooni. Alitusemesha neno hilo mara nyingi, mmoja mmoja, bila haraka. Mwalimu mmoja akatazama saa. Ukutani palikuwa na kanuni tisa za kujifunza za watu wa asili wa jimbo hilo, ambazo sisi sote tulikuwa tumezibandika madarasani, na mojawapo inasema kwamba kujifunza kunataka subira na muda. Nilikuwa nikipita mbele ya bango hilo kila siku.

Kyé7e alisoma kwenye mojawapo ya shule hizo za bweni, lile jengo la matofali mekundu ng'ambo ya mto. Shule hiyo ilifunguliwa 1890. Kanisa liliiendesha hadi 1969, serikali ikaichukua, ikafungwa 1978. Katika miaka ya 1950 ilikuwa na watoto kama 500. Mei 2021 dunia nzima ingeisikia, rada ilipoonyesha dalili za makaburi yasiyo na alama, na idadi iliyotajwa kwanza ilikuwa 215. Lakini siku ile ya Oktoba jengo lilikuwa jengo tu, na bibi alikuwa akitusimulia alivyoingia humo akijua lugha moja, ya mama yake, na alivyojifunza kuiogopa. Hakulia. Alisimulia kama mtu anayechambua mchele.

Mimi nikaikumbuka diski.

Kwetu Taita ilikuwa kipande cha ubao chenye tundu na kamba. Anayesikika akisema Kidawida shuleni anavishwa shingoni, naye anamtegea mwenzake ili amvishe, hivyo hivyo hadi kengele ya jioni. Kisha msururu unafuatwa kinyumenyume, kila aliyeivaa anaitwa, anachapwa. Niliivaa nikiwa mtoto. Hilo nimewahi kulisimulia kwa watu, na husikitika nami. Ambalo sikuwahi kulisimulia ni kwamba mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, nikiwa mwalimu wa zamu, niliitoa diski kwenye droo ya ofisi kwa mkono wangu nikamvika mtoto wa darasa la tatu. Hakuna aliyenishurutisha. Niliikuta droo, nikaona ndiyo kazi. Wale waliofundisha ndani ya matofali mekundu, nadhani wengi wao nao walizikuta droo zao.

Watu walipokuwa wakivaa viatu nilimfuata Kyé7e, nikamwambia yote. Sikutafuta kusamehewa, yeye si wa kunisamehe kwa niaba ya mtoto wa Taita, nami nilijua. Alinyamaza kitambo. Halafu akauliza:

"Na huyo mtoto, siku hiyo alikuwa amesema nini?"

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimekumbuka kosa, ubao, kamba na shingo nyembamba ya mtoto. Maneno yake sikuwahi kuyatafuta. Nikasimama na kiatu kimoja mkononi, nikatafuta. Ilikuwa saa ya uji. Kulikuwa na foleni, masufuria yanafuka moshi, na yeye alikuwa amegeuka nyuma kumwambia mwenzake.

"Alisema, nishikie kikombe changu."

"Kwa lugha yenu, mwanangu. Kama alivyosema yeye."

Nikasema kwa Kidawida. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. Kyé7e akainamisha kichwa, sikio lake karibu na mdomo wangu, akalijaribu neno la kwanza, akakosea, akaniomba niseme tena polepole.