Njia ya Maji Katika Ramani ya Awasi

Wilaya ya Nyando ilipokatwa kutoka Kisumu mwaka 1998, na Awasi ikateuliwa kuwa makao yake makuu, nilikuwa afisa kijana wa mipango ya ardhi, niliyekwisha kufunzwa kuchora barabara na kupanga ploti, lakini ambaye sikupata hata siku moja kuulizwa na wakubwa wangu mvua ikinyesha maji yatapita wapi. Soko lile la wasafiri wa Kericho likatazamiwa kuwa mji. Na kwa desturi ya kazi yetu ya zama hizo, mji ulianza kwa barabara kuu, ukafuatiwa na mistari iliyonyooka ya viwanja upande huu na huu, ilhali mikondo na makorongo yalitiwa mwisho kabisa, kwa kalamu nyembamba ya buluu, mfano wa nakshi ukingoni mwa kanga.

Atokaye Ahero akielekea Kericho huiona nchi ikipanda taratibu mno, na hapo Awasi ndipo uwanda wa Kano unapokaribia kwisha na vilima kuanza. Kwa hiyo mgeni hudhani kwamba gharika ni msiba wa watu wa chini, na sisi wa juu tumesalimika. Dhana hiyo ina madhara makubwa. Mto Nyando, ambao eneo lake la kukusanya maji ni takriban kilomita za mraba 3,600, huzichukua mvua za milima ya Nandi na Tinderet na kuzimwaga katika uwanda wa udongo mweusi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa masika hushiba upesi ukayakataa maji. Na Ziwa Victoria nalo likiwa limefura, kama lilivyofura Mei 2020 hata likakipita kimo cha mwaka 1964 kilichotokana na mvua kubwa za 1961, mto hupoteza mwendo mdomoni mwake, na yale maji yaliyokuwa yakienda zake yakatanda mashambani. Kila paa la mabati na kila uwanja wa saruji tuujengao huku juu huyaharakisha maji hayo kumfikia jirani aliye chini, naye hakuhudhuria baraza letu wala hakuulizwa rai yake.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kujenga kando ya mto kwa upana usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30, kwa kufuata kimo cha juu kabisa cha mafuriko kilichopata kuandikwa. Katika nchi ya miteremko, hiyo ni hadhari ya kutosha. Katika uwanda wa Kano, ambako maji hayapandi bali hutanda, mita 30 si kitu. Na kimo hicho kiliandikwa wapi? Mezani pangu hakikuwako. Niliwaendea wazee, nikawaamkia kila mmoja kwa taadhima ya jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, nao wakanionyesha kwa fimbo zao mahali maji yalipofika mwaka 1961 na mahali yalipofika katika mvua za El Nino za 1997, wakitaja mti uliosimama na zizi lililozolewa. Na kina mama, ambao ndio waliobeba watoto mgongoni wakivuka, walinisahihishia wazee wao pasipo kusita. Nikazitia alama hizo katika ramani kabla ya kuchora barabara yoyote, na hadi leo nashikilia kwamba hiyo ndiyo kazi ya maana kuliko zote nilizofanya.

Baada ya ugatuzi wa 2013, na hasa baada ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, ikawa kila mpango una sura yake ya tabianchi, iliyoandikwa kwa ufasaha na kuwekwa karibu na mwisho. Sikuipinga, lakini mpangaji wa ardhi hukutana na tabianchi pale dirishani, mwananchi aletapo ombi la kuigawa ekari yake mafungu manne kwa wanawe. Ombi likipitishwa kama lilivyo, mmoja wao atajenga juu ya mkondo, kwa hati halali yenye muhuri wa serikali. Kwa hiyo nilihimiza masharti yaandikwe katika kibali chenyewe: mkondo ubaki wazi kwa upana wake wa masika, sakafu iinuliwe juu ya alama ya wazee, na kalvati ya njia ya kuingilia ipimwe kwa mvua kubwa, wala si kwa bei ya bomba lililopatikana dukani.

Watu walinikasirikia, nami siwalaumu. Mama mmoja mjane, ambaye ploti yake yote ilikuwa ndani ya alama, aliniuliza kwa sauti ya upole kama serikali itamlipa ada ya shule ya watoto kwa ardhi aliyokatazwa kuiuza. Kifungu cha 66 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinairuhusu dola kusimamia matumizi ya ardhi kwa ajili ya usalama wa umma, na kifungu cha 40 kinamwahidi fidia anyang'anywaye mali yake. Yule mama alikuwa katikati, hakunyang'anywa wala hakuachiwa. Sheria ilinipa uwezo wa kumwambia hapana, haikunipa shilingi ya kumpa mkononi. Katika mapendekezo yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilisema kwamba kaunti inunue njia za maji kama inunuavyo njia za barabara, au iwape wenyewe ploti mbadala katika mwinuko, na kwamba fedha hizo zitengwe katika bajeti kabla ya kuagizwa ramani nyingine yoyote.