Mmoja Katika Wanne

Msomaji, watu wengi hudhani kuwa elimu ya hesabu hukoma pale hakika inapokoma. Mbili na mbili ni nne leo na kesho. Bali kama mvua itanyesha alasiri, au kama mtoto atakayezaliwa atakuwa wa kike ama wa kiume, hayo, husema, ni ya Mungu, na hesabu haina mlango wa kuingilia. Hapana shaka Mungu ndiye ajuaye. Walakini hata jambo lisilojulikana lina kipimo chake, nacho huitwa uwezekano. Jambo lisiloweza kutukia kabisa hupewa sifuri. Jambo lisiloweza kukosa kutukia hupewa moja. Na mengine yote yamo katikati. Mtu wa Kakamega atokaye nyumbani mwezi wa Aprili na mwavuli mkononi amekwisha kupima, ijapokuwa hakushika kalamu.

Sitakupigia mfano wa kamari, ingawa ndiyo iliyoizaa elimu hii: mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua juu ya namna ya kugawana fedha za mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha. Mfano wangu nautwaa karibu zaidi, katika damu yetu wenyewe.

Mwilini mwa kila mtu zimo jeni mbili, moja ya baba na moja ya mama, ziongozazo utengenezaji wa himoglobini, ile iliyomo katika chembe nyekundu za damu na kuchukua oksijeni. Ikiwa jeni moja ina kasoro ya selimundu na ya pili ni nzima, mtu huyo kwa kawaida huishi bila ugonjwa wala habari. Tena hupata faida. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi akakuta kasoro hiyo ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni haba katika nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba humkinga mtu na malaria. Sisi wa magharibi, majirani wa ziwa na wa mbu, tunayo sehemu yetu. Lakini mtoto akirithi kasoro kwa baba na kwa mama pia, chembe zake hupindika kama mundu, huziba mishipa midogo, na maumivu yake si ya kusimulia.

Twaa sasa sarafu mbili za shilingi, zile zilizotolewa mwaka 2018 zenye twiga upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Sarafu moja ni baba, nyingine ni mama, na wote wawili ni wabebaji wa kasoro. Upande wa twiga uwe ndio kasoro (twiga na aniwie radhi), na wa nembo uwe uzima. Zirushe pamoja. Matokeo ni mangapi? Darasani wengi hujibu matatu: twiga wawili, nembo mbili, au mchanganyiko. Wasione haya; d'Alembert, mwanahesabu mashuhuri wa karne ya 18, naye alihesabu matatu alipotafakari kurusha sarafu mara mbili. Matokeo yenye uzito sawa ni manne, maana twiga wa baba pamoja na nembo ya mama si sawa na nembo ya baba pamoja na twiga wa mama. Katika hayo manne, moja tu ni la twiga wawili. Hiyo ndiyo robo.

Mama mmoja jirani, ambaye kifungua mimba wake ana ugonjwa huu, aliniambia kwa uso wa matumaini: "Mwalimu, daktari alisema mmoja katika wanne. Basi huyu amekwisha kulipa deni la nyumba. Watatu watakaofuata watakuwa salama."

Neno hilo la deni limebeba kosa zima, nalo ni kosa la watu wengi wenye akili. Sarafu haina daftari. Haikumbuki ilivyoanguka jana, wala haina aibu ya kuanguka vivyo hivyo leo. Kila mimba ni kurusha upya, na kila mara robo ni ile ile. "Mama," nilimjibu, "huyu hakuwalipia wenzake, wala hakuwaharibia." Hakuipenda nusu ya kwanza ya jibu langu; nadhani nusu ya pili ilimfaa.

Na tuhesabu. Kwa kuwa matukio hayategemeani, huzidishwa. Wazazi wabebaji wakizaa watoto wanne, uwezekano wa wote wanne kuepuka ugonjwa ni robo tatu iliyozidishwa kwa nafsi yake mara nne, yaani 81 katika 256. Uwezekano wa kuugua mmoja tu, kama watu wanavyoitegemea ile "mmoja katika wanne", ni 108 katika 256, haufiki hata nusu. Na 67 zilizobaki? Hizo ni nyumba zenye wagonjwa wawili au zaidi. Robo hujidhihirisha katika maelfu ya watoto, kama alivyothibitisha Jakob Bernoulli katika kitabu kilichochapwa mwaka 1713. Katika nyumba moja haijafungwa na ahadi yoyote.

Limebaki swali ambalo yamkini linakuhusu wewe mwenyewe, uliye na ndugu mgonjwa nawe u mzima. Je, wewe ni mbebaji? Usiseme nusu. Katika yale matokeo manne, la twiga wawili limekwisha kuondoka, kwa sababu wewe si mgonjwa. Yamebaki matatu, na mawili kati yake ni ya ubebaji: basi ni thuluthi mbili. Tazama jinsi habari moja ndogo inavyobadili kipimo. Na iko habari nyingine, ipatikanayo kwa kupima damu kabla ya kuoa au kuolewa. Siku utakapopokea majibu yake, thuluthi mbili zako zitageuka kuwa sifuri au moja.